Walinzi wa Nyufa

Mwezi uliopita nilirudi Kolwezi kwenye kilio cha shangazi yangu. Siku ya tatu asubuhi tulikuwa uani tukichambua sombe, yaani majani ya muhogo, na redio ya jirani ilikuwa ikimhoji mkubwa mmoja wa serikali. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, kwamba sasa kwa mara ya kwanza wakaaji wataalikwa kushirikiana na ofisi kulinda usalama wa kartie zao, yaani vitongoji vyao. Kwa mara ya kwanza. Nilimwomba dada yangu azime, akanikumbusha kwamba redio si yetu. Basi nikaketi nikasikiliza hadi mwisho, nikichambua sombe kwa hasira ambayo sikujua kwamba bado ninayo.

Wewe unayenisoma hukumjua nkambo wangu, yaani bibi yangu mzaa mama, aliyenilea. Ungemjua, nawe usingevumilia maneno yale.

Tulikaa kwenye mtaa mmoja wa udongo mwekundu, nyumba za matofali ya kuchoma pande zote mbili, pampu moja ya maji katikati. Malori ya kwenda mgodi wa Mashamba yalipita barabara kubwa ya juu, na kiangazi vumbi lao liliingia hadi kwenye bukari, yaani ugali wetu. Mvua za kwanza zilipokuja tuliokota matunda ya masuku yaliyoanguka kutoka vikapu vya wauzaji, tukafyonza utamu wake hadi meno yakawa ya rangi ya chai. Bwawa la umeme la Nzilo halikuwa mbali nasi, lakini taa zetu ziliwaka siku zilipotaka zenyewe, kwa hiyo mbabula, jiko la makaa, haikupoa kwetu. Hadi leo nikisikia harufu ya samaki wa chumvi juu ya makaa, najiona nikiwa na miaka kumi, nimechuchumaa karibu na nkambo, napepea moto kwa kifuniko cha sufuria.

Halafu watu wakaanza kuchimba. Ilikuwa imeanza Kasulo kwanza, ambako mtu alichimba choo akakuta mawe ya kobalti, na baada ya hapo kila mtu aliutazama uwanja wake kwa jicho jingine. Kwetu walichimba nyuma ya jikoni, chini ya mabanda ya kuku, mwisho ndani ya vyumba vyenyewe. Vijana walitoka Kasai, walitoka Kivu, wakaingia ardhini asubuhi kama wafanyakazi wa ofisi. Nakumbuka siku banda la mbuzi la nyumba ya pembeni lilipotoweka mchana kweupe, na mbuzi wakalia kutoka chini kama watoto.

Baada ya mbuzi hao shefu wa kartie, kiongozi wa kitongoji chetu, aliita mkutano. Alikuwa mtu mnene mwenye adabu nyingi, aliyeshika mkono wa kila mama kwa mikono yake miwili. Akasema Leta, yaani serikali, haina macho kila mahali, inahitaji macho ya wakaaji. Nani atajitolea kulinda usalama wa mtaa pamoja na ofisi? Nkambo akanyoosha mkono. Akafuata mwalimu wangu wa darasa la tano, mtu mwembamba mwenye shati moja jeupe lililofuliwa kila siku. Na mwisho mzee mmoja jirani, tuliyemwita tata wa mgodi, yaani baba wa mgodi, kwa sababu alikuwa amefanya kazi chini ya ardhi maisha yake yote. Watu watatu. Shefu akawapigia makofi.

Hawakupewa chochote, hata kofia. Tata wa mgodi ndiye aliyewafundisha kazi. Alisema ardhi haianguki bila kutoa taarifa, ila watu hawajui inatoa taarifa wapi. Kwa hiyo kila Alhamisi baada ya shule walipita nyumba kwa nyumba, na penye ufa ukutani walipaka plasta ya saruji, upana wa vidole viwili, kutoka upande mmoja wa ufa hadi wa pili. Mwalimu aliandika tarehe juu yake kwa msumari plasta ikiwa mbichi. Alhamisi iliyofuata waliitazama. Plasta ikiwa nzima, ukuta umetulia. Ikipasuka, chini kuna kitu kinatembea. Mwalimu aliandika yote katika kaye, yaani daftari, wakaipeleka kwa shefu, naye akaisoma na kupiga muhuri. Kando ya pampu tata wa mgodi alitundika rimu ya gurudumu la lori, akasema ikigongwa, kila mtu atoke ndani, hata kama yuko uchi.

Watu waliwacheka. Waliwaita madaktari wa kuta. Nkambo hakujali. Alikuwa na msemo wake: nyumba ya mwenzako ikianguka, vumbi inaingia mu bukari yako.

Sasa nikuambie jambo ambalo mimi mwenyewe nililifanya. Nyumba iliyotazamana na yetu ilikuwa ya mama mjane, jirani tuliyeazimana naye chumvi na moto tangu nizaliwe. Binti yake alikuwa rafiki yangu wa pekee. Tulisuka nywele pamoja, tulichota maji pamoja, tulikula sahani moja. Siku moja tukiwa kwenye foleni ya pampu aliniinamia sikioni akaniambia kwamba akilala anasikia watu wanagonga chini ya mkeka wake, na kwamba mama yake amesema asimwambie mtu. Niliapa. Nikabeba bidoni yangu ya maji hadi nyumbani, na kabla sijaitua nilikuwa nimeshamwambia nkambo.

Nkambo hakunisifu wala hakunigombeza. Alijifunga kitenge, akavuka mtaa. Nilimfuata hadi mlangoni.

"Mama, chini ya nyumba yako kuko shimo," alisema. "Na mutoto analala juu yake."

"Nani alikuambia?"

"Ukuta njo uliniambia. Angalia plasta ya Alhamisi."

Mama yule alicheka kicheko kibaya. "Bwana yangu alikufa. Hapana kuko mutu anatuletea unga. Unataka batoto bangu bakule nini, plasta yako?"

"Tutakula pamoja ile tuko nayo. Lakini shimo ifungwe."

"Rudia kwako, mama. Mi si mutoto."

Nkambo alienda mara ya pili, na mara ya tatu. Kisha yeye na wenzake wakafanya kile walichotumwa na serikali kukifanya: wakaandika katika kaye, wakapeleka kwenye biro, ofisi ya shefu. Shefu akasoma polepole, akapiga muhuri, akamshika nkambo mkono kwa mikono yake miwili. "Nimeona, mama. Iko mu mikono ya Leta sasa. Mwende mupumuzike."

Hakuja mtu. Alhamisi iliyofuata plasta ilikuwa imepasuka tena, wakaandika tena, muhuri ukapigwa tena. Lakini mtaa mzima ulijua, siku ileile, ni nani aliyeandika na ameandika nini. Nani aliwaambia? Biro ile ilikuwa na mtu mmoja tu ndani. Kuanzia hapo hatukupewa tena moto wala chumvi. Watu waliokula mezani kwetu wakawa wakimwona nkambo wanatema mate pembeni. Rafiki yangu alinipita kwenye pampu kama anapita nguzo. Nililia, nkambo akaniachia nilie, kisha akanipa mchicha nichambue. Alisema mkono ukiwa na kazi, moyo unapata nafasi ya kupumua.

Ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne, Jumanne, mvua ikakatika, na mchana nilikuwa naosha sahani uani. Nkambo alikuwa amezunguka peke yake kutazama kuta, ingawa haikuwa Alhamisi, kwa sababu maji yale hayakumpendeza. Plasta zilikuwa zimepasuka katika nyumba tatu zilizofuatana. Nilimwona akikimbia. Nilikuwa sijawahi kumwona nkambo akikimbia. Akaokota bolti, akaigonga rimu ya lori, akaigonga, akaigonga.

Nao wakatoka, wewe unayenisoma. Waliomtemea mate wakatoka, na watoto mgongoni, na sufuria za moto mikononi. Mama jirani alikuwa sokoni. Nikatazama, binti yake simwoni. Nikakumbuka kwamba asubuhi hakuja shuleni. Walisema ana homa. Nikapiga kelele jina lake. Nkambo akatupa bolti chini, akaingia kwenye nyumba ile na kutoka naye amembeba begani kama gunia la makaa, miguu ya mtoto ikining'inia. Nyuma ya nyumba tata wa mgodi alikuwa amelala kifudifudi kwenye mdomo wa shimo akiita walioko chini. Kijana mmoja akapanda kamba, amejaa tope hadi kope. Mwenzake alikuwa nyuma yake. Hakufika.

Nyumba haikuanguka kwa kishindo kama nilivyofikiri. Ilikaa chini taratibu, kama mama mchovu anayekaa kwenye kigoda, halafu paa la mabati likakunjika juu yake. Walichimba siku mbili kwa koleo na kwa mikono. Kisha wakaja watu wa ofisi, wakasema ni hatari, waache. Yule aliyebaki chini alikuwa kijana wa Kasai. Alikuwa akipita kwetu asubuhi kuomba maji ya kunywa, na alirudisha kikombe kila mara amekisuuza. Hakuna aliyejua jina la baba yake ili apelekewe habari.

Wiki ile mkubwa kutoka komini, ofisi iliyo juu ya kartie, alifanya mkutano kwenye uwanja wa shule. Aliuliza swali zuri: nani alijua, na kama alijua, kwa nini hakusema? Shefu wa kartie akasimama. Sura yake ilikuwa ya msiba. Akasema alikuwa ameweka watu watatu wa kulinda usalama, akawaamini, lakini watu hao hawakumletea hata karatasi moja.

Mwalimu alisimama na shati lake jeupe, akatoa kaye. Alionyesha kurasa na muhuri chini ya kila ukurasa. Shefu hakutikisika. Alisema muhuri unaweza kuibiwa, na mwalimu anajua kuandika, anaweza kuandika chochote. Watu wakanyamaza. Walikuwa wameona muhuri wenyewe, walikuwa wamewaona wale watatu wakiingia biro kila Alhamisi, wakanyamaza. Ukimya ule ndio ulionifundisha kukasirika.

Akasimama mama jirani. Nguo zake zilikuwa za kuazima. Zake zilikuwa chini ya ardhi.

"Shefu, usidanganye bantu," alisema bila kupaza sauti. "Huyu mama alikuya kwangu mara tatu. Nilimufukuza mara tatu. Kiisha niliogopa, nilikuya kwako. Ulisema nichimbe tu, hakuna mutu atanigusa. Bale bakijana, njo we ulibatuma kwangu."

Kisha akavuka uwanja wote, akaketi chini miguuni pa nkambo, mbele ya watu.

Ungefikiri mambo yaliishia hapo, ukweli umesemwa mbele ya mkubwa, na mbele ya mtaa mzima. Mkubwa aliandika. Akaichukua kaye kwa ajili ya uchunguzi, na hatukuiona tena. Kabla ya mwezi kwisha mwalimu alihamishiwa shule moja ya mbali, porini, ambako hapakuwa hata na ubao. Shefu naye alihamishwa: alipandishwa, akapewa meza komini. Na kuhusu ulinzi wa wakaaji, barua ilibandikwa kwenye mlango wa biro kwamba umesimamishwa kwa sababu ulileta fujo kati ya majirani. Tata wa mgodi aliisoma, akaenda akaitoa rimu ya lori pale pampu na kuipeleka nyumbani kwake. Alisema hataki watu waizoee wakidhani bado kuna mtu wa kuigonga.

Baadaye mtaa wote ulihamishwa. Tuliambiwa ardhi si salama, jambo ambalo nkambo alikuwa ameliandikisha kurasa kwa kurasa. Tulipelekwa kwenye nyumba mpya mbali, kwenye uwanda usio na mti, nyumba zimepangwa kama meno. Nyufa zake zilianza kabla hatujapanga vitanda. Nkambo aliishi huko miaka michache. Mama jirani alipata nyumba ya tatu kutoka yetu, na ndiye aliyemwogesha nkambo alipokuwa hawezi tena kusimama, na ndiye aliyemfumba macho. Hakuna aliyekuja kutoka ofisi yoyote.

Basi baada ya kilio cha shangazi nilimwomba yule rafiki yangu wa utotoni anisindikize mahali mtaa wetu ulipokuwa. Sasa ni mama wa watoto wawili, na ana sauti ya mama yake. Tulikuta ukuta mrefu wa zege wenye waya wa miiba juu, na geti la chuma. Pampu hakuna. Njia hakuna. Nilijaribu kukisia mlango wetu ulikuwa wapi nikashindwa, nikabaki nimesimama barabarani kama mtu aliyesahau alichotumwa. Mlinzi wa geti, kijana mwenye heshima, akatoka.

"Bamama, munatafuta nani?"

"Tulikuwa tunakaa hapa," nilimwambia. "Na kuna mtu wetu alibaki chini hapo."

Alitazama ukuta, akatutazama sisi. "Hapa hapakuwa bantu, mama," akasema kwa upole. "Bananiambia ilikuwa pori tu."

Rafiki yangu akanishika mkono. Ndipo nikaanza kumhesabia yule kijana, nyumba moja baada ya nyingine, ni nani aliyekaa wapi. Alinisikiliza hadi nikafika nyumba ya mwisho.