Ukuta Uliotoa Tumbo

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, lakini mawe nayajua. Misingi niliyojenga iko Mugumu, iko Sirari, na hakuna hata mmoja uliopasuka. Nasema hivi ili msomaji ajue kuwa mimi si mwoga. Lakini masika yale niliogopa.

Mjane mmoja huku kwetu milimani Tarime alichimba ubavu wa kilima apate mahali pa jiko. Akaniita nimjengee ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, unaonipita kichwa, na mabati ya jiko yaegemee hapohapo. Ukuta wa namna hiyo lazima uachiwe matundu chini ili maji ya mvua yatoke. Nilipoanza kuyaacha, mama akaja juu.

"Fundi, hayo ni nini?"

"Njia za maji, mama."

"Njia za nyoka hizo! Mjukuu wangu anatambaa hapa. Ziba."

Nikabishana kidogo, kisha nikaziba. Kilikuwa kiangazi, jua linapasua ardhi, nikaona maji yako mbali. Fundi wa miaka yangu!

Masika yakaingia. Mvua ikapiga wiki mbili, kazi zikasimama kila mahali. Mtu aliyejiajiri, mvua ikimfungia ndani, hana bosi wa kumlaumu. Anabaki na kichwa chake. Changu kilikuwa na jambo moja tu: matundu.

Asubuhi moja nikachukua timazi nikaenda. Nikaning'iniza uzi. Katikati ukuta ulikuwa umetoa tumbo, vidole viwili. Nikajiambia labda niliujenga hivyo. Kesho yake vidole vitatu. Siku ya tatu sikuhitaji hata uzi.

Jirani wa yule mjane, mtu wa rika langu, akanipigia kelele toka kwenye migomba: "Mura, mwanamume wewe, asubuhi ya tatu hii! Unamposa mjane au unauposa ukuta?"

Nikacheka. Kisha nikaenda mlangoni mwa jiko.

Ndani ya jiko mama alikuwa anasonga ugali. Mtoto amekaa juu ya gunia, mgongo ameuegemeza kwenye mawe yangu. Mengine kati ya yale tuliyanyanyua watu wawili. Nilisimama mlangoni nikitafuta neno lisiloniaibisha.

"Mama, toka na mtoto. Sasa hivi."

"Ugali haujaiva."

"Uache! Ukuta utaanguka. Sikupaswa kukusikiliza."

Akageuka na mwiko mkononi. "Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Ni langu. Mimi ndiye fundi. Toka!"

Akambeba mtoto, akatoka. Na sufuria akaibeba.

Ningeweza kuondoka hapo. Lakini nyumba yake ya kulala iko hatua sita tu chini ya jiko, na nyuma ya ukuta kilima kizima kilikuwa kimekunywa maji. Nikashusha mabati, nikapiga magoti chini ya lile tumbo, nimeshika tindo na nyundo, niyazibue matundu. Nilipiga polepole, kama mtu anayegonga mlango wa mkwe. Nikipiga, natulia nasikiliza. Kokoto moja ilinidondokea shingoni, nikaruka nyuma mpaka nikaanguka chali. Sioni haya kusema. Nikainuka kwenye tope, nikarudi.

Tundu la kwanza lilitema maji mekundu, yakanipiga kifuani kwa nguvu. La pili nalo. La tatu halikutoa kitu, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, maana maji yalikuwa humo na sikuyaona. Nikazidi kuchimba mpaka tindo likazama lote. Yakaja.

Mchana kutwa yalitoka. Jioni nikapima: tumbo halikurudi, wala halikuongezeka. Nikamwambia mama asiguse jiko mpaka jua liwake wiki nzima, ndipo nitaubomoa ukuta na kuujenga upya kwa mikono yangu.

Asubuhi niko juu kilimani nachimba mfereji wa kuyageuza maji, naona moshi. Mama amewasha moto kwenye mafiga palepale chini ya ukuta, mtoto mgongoni.

"Mama! Unataka kufa?"

"Na wewe utachimba bila kula?"

Nikamfokea mpaka jirani akatoka kutazama. Mama akanipandishia uji kwenye kikombe cha bati. Niliunywa nimesimama, macho nimeyakaza kwenye mawe.