Mlio Waliousikia Kifuani Mwangu

Mwaka ule nilikuwa nafundisha darasa la tatu katika shule moja ya Kalundu, mjini Uvira, na binti yangu alikuwa na miaka miwili. Malaria ilinishika wiki ya mitihani. Siku ya pili ya homa mume wangu alinipeleka kituo cha afya, na huko muuguzi, mwanamke wa makamo aliyevaa kandambili, akaniwekea kifaa chake kifuani. Alisikiliza muda mrefu. Akakihamisha, akafumba macho, akasikiliza tena.

"Mama, weye ulishaka kuambiwa kama uko na sufle mu moyo?"

Nikasema hapana. Akanieleza kuwa moyo wangu haukuwa unapiga tu. Kati ya pigo na pigo kulikuwa na mlio, kama mtu anayepuliza uji upoe. Hakujua unatokana na nini. Daktari mwenye mashine ya kutazama moyo alikuwa anafika hospitali ya mjini mara moja kwa mwezi, na mwezi ule alikuwa ameshaondoka. Akaniandikia karatasi.

"Ungojee arudi. Usibebe vitu vizito," akasema, kisha akamwita mgonjwa aliyefuata.

Nikaikunja karatasi. Dada yangu mkubwa alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Alipokuwa msichana viungo vilimvimba, baadaye moyo ukaharibika, na mwaka wake wa mwisho alilala ameketi kwa sababu akijinyoosha pumzi ilikata. Kwa hiyo nilipotoka kituoni nilidhani najua kitakachofuata. Ninachokumbuka ni kwamba sikuogopa. Kitu ndani yangu kilizima, basi.

Homa iliisha, nikarudi darasani. Mume wangu akaanza kuchota maji mwenyewe, bido mbili za lita ishirini kila asubuhi kabla ya kwenda kazini bandarini, majirani wakimtazama. Hakuzungumza habari ya moyo, wala mimi. Tulikula ugali na samaki wadogo wa ndagala, tukazungumza juu ya ziwa lililokuwa limepanda mpaka kwenye nyumba za chini.

Wiki ya pili nilimpeleka mtoto Runingu kwa mama yangu. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Mtoto wa dada yangu alikuwa na umri kama ule mama yake alipokufa, na kwa miezi alikuwa anafungua mlango mmoja baada ya mwingine akimtafuta. Sikutaka wangu atafute. Nilitaka azoee mapema.

"Atakaa siku ngapi?" mama akauliza.

"Sijue. Mumuzoeze tu."

Alinitazama. Alikuwa ameshazika binti mmoja, na habari ya karatasi ile alikuwa nayo. Akambeba mtoto, akaenda naye nyuma ya nyumba kumwonyesha vifaranga. Nikaondoka kabla hawajarudi. Njiani ng'ombe walizuia gari letu kwa muda, nami nikawaza madaftari yaliyokuwa yakinisubiri kusahihishwa. Machozi hayakuja.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini alitazama huku na huku.

"Mutoto iko wapi?"

"Kwa mama."

"Mpaka lini?"

Nikavuta daftari la kusahihisha. Akaketi kizingitini na viatu vyake miguuni. "Haukuniuliza," akasema.

Siku ya daktari ikafika. Alikuwa kijana kuliko mimi. Akaniuliza kama napanda kilima bila kuchoka, kama nimewahi kuzimia, kama utotoni viungo vilinivimba. Kilima cha shule nakipanda kila siku. Mengine yote nikajibu hapana. Alinisikiliza nikiwa nimelala, kisha akaniambia nisimame, akasikiliza tena.

"Ukisimama, ile sauti inapunguka," akasema.

Halafu akanipaka mafuta ya baridi kifuani, akapitisha mashine juu yake, akanigeuzia kioo nione. Milango ya moyo ilikuwa inafunguka na kujifunga, inafunguka na kujifunga.

"Moyo yako iko muzima, mama."

"Na ile sufle?"

"Iko. Lakini haiko ugonjwa. Ni damu inapita, inafanya sauti. Watu mingi wako nayo, zaidi watoto. Siku ile ulikuwa na homa, damu ilikuwa inakimbia, njo sababu ilisikika sana. Muuguzi alisikia vizuri. Alikosa tu mashini."

"Dawa?"

"Hakuna dawa. Beba maji, fundisha, zaa kama unapenda."

Nilimshukuru, nikaenda kuketi kwenye benchi nje. Nilingoja furaha, haikuja. Mume wangu, aliyekuwa akinisubiri pale, akaisoma karatasi ya majibu mara mbili, akajifuta macho kwa shati lake. Nilimtazama kama ninavyomtazama mgeni barabarani.

Kesho yake tukaenda Runingu. Mama alikuwa uani anachambua maharagwe, mtoto kando yake. Nikachuchumaa, nikamwita. Akajificha nyuma ya kitenge cha bibi yake.

"Ni mama yako," mama akamwambia.

"Hapana," mtoto akasema.

"Siku za kwanza alikuwa anasimama pale kwa njia, anaangalia magari," mama akaniambia. "Halafu akaacha."

Mume wangu alirudi Uvira peke yake. Mimi nilibaki siku tatu. Nilifua, nilipika, sikumlazimisha mtoto. Siku ya tatu alinijia mwenyewe, akanishika kidole, akataka nimpeleke chooni. Nikampeleka. Nilikuwa nimemshikilia mikono asianguke, nikaegemea ukuta wa matete mpaka alipomaliza. Hapo ndipo nilipoogopa, siku zote zile zikiwa zimeshapita.

Jioni ile, tulipofika nyumbani, nilimwambia mume wangu kwamba nilikosea kumpeleka mtoto bila kumuuliza. Alikubali kwa kichwa, akamchukua mtoto mapajani.

Sasa binti yangu anasoma darasa la pili. Nikivaa viatu asubuhi bado anauliza nitarudi saa ngapi. Namtajia saa, naye hunitaka niitaje tena kabla sijafungua mlango.