Vitoto vya Panya kutoka Kishanda

Kiharusi kilimlegeza mume wangu upande wote wa kulia na kumwondolea maneno yote. Alikuwa mwalimu wa biolojia, mtu wa kuongea mezani mpaka chakula kinapoa. Sasa nyumba yetu hapa Bukoba ikawa kimya. Tulibaki mimi na yeye, na kinyonga wake, jike kubwa alilolitoa kwenye mbuni, mti wa kahawa, nyumbani kwa mama yake kijijini Kishanda na kulijengea tundu la mbao na wavu karibu na dirisha la sebuleni.

Hospitali walituambia tufanye mazoezi na tuwe na subira. Nilimnyoosha vidole asubuhi na jioni. Nilimtajia vitu: kikombe, mlango, uji. Alinitazama tu. Miezi ikapita hivyo. Ilifika mahali nikawa najifungia bafuni na kufungulia bomba, asinisikie nikilia.

Siku moja nilisogeza gunia la maharage stoo nikakuta kiota cha panya. Ndani mlikuwa na vitoto vyekundu visivyo na manyoya, macho hayajafunguka. Nikakumbuka kwamba Mwalimu, hivyo ndivyo nilivyozoea kumwita mume wangu, alikuwa akimpa kinyonga kitoto cha panya mara chache sana. Alisema hiyo ni zawadi. Chakula chake ni panzi. Nikachukua kimoja, nikamsogeza Mwalimu kwenye kiti chake mbele ya tundu, angalau apate kitu cha kutazama.

Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea. Anaogopa kinyonga kama wazee wengi wa kwetu, kwa hiyo alisimama mlangoni, kanga mdomoni.

Kinyonga aligeuza jicho moja, halafu la pili. Ulimi ukachomoka. Kitoto kikatoweka. Na kutoka kwenye kiti ikasikika sauti: "Maa."

"Umesikia?" Mama alipiga kelele. "Umesikia? Ameniita!"

Mimi nilisikia pumzi tu iliyopita kooni. Lakini sikuthubutu kusema, maana hata mimi nilitaka liwe neno.

Wiki iliyofuata Mama alirudi bila taarifa. Alikuwa amepanda bodaboda, halafu basi, amepakata kopo la maziwa ya unga. Ndani aliweka majani makavu ya mgomba na vitoto vya panya. Alikuwa amefukua kibanja chake kizima cha migomba kuvitafuta, yeye mwenye magoti mabovu. Tukampa kinyonga kimoja. Mwalimu hakutoa sauti. Mama alipokuja safari nyingine, sauti ikatoka, ndogo, na hiyo ikatosha kumrudisha tena na tena na kopo lake.

Kinyonga akaanza kuharibika. Viungo vya miguu vilivimba, rangi ikafifia, akawa anashinda kwenye tawi la chini amefumba macho. Nilijua sababu.

"Mama, tupumzike kidogo," nilimwambia. "Hawa panya wanamdhuru."

"Wanamdhuru nani?"

"Kinyonga, Mama."

"Kinyonga akifa, wapo kwenye mibuni. Mwanangu nitamtoa wapi mwingine?"

Akafungua kopo mwenyewe. Mwanamke aliyekuwa akisimama mlangoni kwa hofu akaingiza vidole, akatoa kitoto cha panya na kulisogelea tundu.

Ndipo mkono wa kushoto wa Mwalimu ulipoinuka. Ulimshika mama yake kifundo cha mkono, ukamrudisha taratibu mpaka kwenye kopo, ukatulia juu yake. Mama alijaribu kuuondoa. Haukuondoka. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Hutaki?" mama aliuliza.

Akatikisa tena.

"Basi niambie hutaki. Kwa mdomo, mwana wange. Neno moja tu, hata kama ni la kunikatalia."

Alifungua mdomo. Mishipa ya shingo ilimsimama, uso ukamwiva. Tulimsubiri. Kilichotoka ni mate, yakamchuruzika kidevuni, na machozi yakafuata. Mama akamfuta kwa ncha ya kanga, akakaa sakafuni miguuni pake. "Mawe," alilia kwa Kihaya, kama anayemwita mama yake mzazi, "mawe, mawe," na mimi nilisimama katikati ya sebule nisijue nimshike nani kwanza.

Kinyonga alipata nafuu polepole kwa panzi ninaowakamata nyuma ya nyumba. Mwalimu hajasema neno mpaka leo. Mama hatuletei tena kopo, huleta ndizi. Akifika humsalimia mwanawe kwa Kihaya tangu getini, kwa sauti kubwa. Halafu hunyamaza kidogo, muda ambao mtu angehitaji kuitikia, ndipo hujijibu mwenyewe na kuingia ndani.