Nilimwinua Baba Mkwe, Sasa Wanataka Niache Gym

Admin, jina langu liweke mbali kabisa, kwa sababu wifi yangu anafuata page hii na akisoma mistari miwili tu atajua ni mimi. Kwanza hata akijua, ajue. Nimechoka.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na saba, nina watoto watatu, na ni fundi wa nguo soko la Mukuyuni. Bwanangu anafanya kazi Mombasa na huja mwisho wa mwezi. Nyumba yetu iko ndani ya boma la wazazi wake. Cherehani ilikuwa imenimaliza mgongo, naamka kwa kiti nikishika ukuta. Daktari akaniambia misuli imelala, dawa za maumivu nitakunywa mpaka lini? Ndipo nikajiunga na gym, chumba cha mabati nyuma ya posho mill ya kusaga unga, kinachoendeshwa na dada anayeitwa Mwende.

Nilianza vibaya. Niliruka kamba kila siku kwa wiki mbili, nashinda na chai ya rangi ili nikonde haraka, mpaka nikaanguka nikishona sare za shule. Mwende alinigombeza: "Ulikuja kutafuta nguvu ama kujiua? Mwili unajengwa ukikula na ukilala!" Akanipangia Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi. Miguu na mgongo kwanza: unachuchumaa, mgongo umenyooka, chuma karibu na mwili, unasukuma ardhi kwa visigino. Uzito hauongezwi mpaka ule wa kwanza uuinue mara kumi bila kutetemeka. Siku za katikati ni za kupumzika, na sahani isikose ndengu au mayai. Nimeshika hayo mwaka mzima, na mgongo umenyamaza.

Wakwe hawakupenda. Mama mkwe alikuwa akiniuliza, "Mwanamke anabeba vyuma anataka kupigana na nani?" Mama huyo amebeba mtungi wa lita ishirini kwa kamba ya kichwa tangu usichana, na mimi nikabebeshwa wiki ya kwanza ya ndoa. Siku hiyo hakuna aliyeuliza nataka kupigana na nani. Maji ya kuoga wanaume hayana uzito, sivyo?

Sasa sikilizeni. Mwezi uliopita, siku ya soko, nilirudi nyumbani saa saba mchana nikamkuta baba mkwe ameanguka kati ya choo na zizi, mguu umevimba, jua linamchoma. Mama mkwe anapiga nduru, wanaume wote wako sokoni. Kwetu Wakamba, mke wa mtoto na baba mkwe wana nthoni, ile heshima ya kutokaribiana wala kugusana. Hata kiti chake sikalii. Nilijua hayo yote, lakini mzee midomo ilikuwa imekauka na alikuwa anatetemeka. Nikachuchumaa, nikamvuta kifuani vile Mwende alinifundisha, nikasimama naye. Nilimbeba mpaka kwa pickup ya jirani. Hospitali walisema angekaa pale juani zaidi, tungekuwa tunaongea mengine.

Nilingoja asante. Badala yake, Jumapili hii iliyopita baada ya kanisa niliitwa kikao. Shemeji mkubwa akasema, "Mke wa ndugu yetu, hatukatai ulisaidia. Lakini ulikumbatia mzee! Hiyo gym ndio imekutoa nthoni. Jumamosi ijayo utaleta mbuzi wa kutakasa hiyo nthoni uliyovunja, na useme mbele ya watu umeachana na hiyo maneno ya vyuma. Kama hutaki, rudi kwenu."

Nikamuuliza, "Kwa hivyo ningemwacha hapo?"

Wifi akadakia, "Ungeita wanaume."

"Wanaume gani? Hawa walikuwa wanakula nyama choma sokoni?"

Kikao kikafungwa kwa maombi haraka sana.

Nilimpigia bwanangu simu nikilia. Akaniambia, "Toa tu mbuzi yaishe, na hiyo gym pumzika kidogo." Niliwaka! Huyo ni baba yake mzazi niliyembeba, si wangu. Mbuzi nitatoa, mila ni mila, sina shida nayo. Lakini kusimama mbele ya watu niseme nguvu yangu ni kosa? Nirudi kushika ukuta ili wao wafurahi?

Juzi mama mkwe alikuja sokoni kwa cherehani yangu, akakaa, akasema, "Mwanangu, Alhamisi mzee anarudi kliniki. Shemeji zako wako na kazi. Utakuja umwinue umuingize kwa gari?"

Nikamuuliza, "Na nthoni, mama?"

Akaangalia chini. "Hiyo ni ya Jumamosi."

Ndugu zangu, Alhamisi nitambeba, mzee hajanikosea. Lakini Jumamosi, nikiwa nimeshika kamba ya mbuzi mbele yao wote, niseme naacha gym nibaki na ndoa yangu, ama niwaambie kuanzia leo wambebe wao? Mlioolewa Ukambani, nishaurini. Nina hasira, na hii mikono siku hizi haishiki ukuta tena.