Maana ya Pili ya "Late"

Mchongaji kutoka Wamunyu alikuwa mkimya kuliko wote katika darasa la watu wazima la Mwalimu Ummi, mjini Machakos. Kila neno la Kiingereza alilitamka mara mbili kwa sauti ya chini, huku kidole gumba chake chenye makovu kikipapasa ukingo wa dawati, kana kwamba kinatafuta mahali pa kulainisha. Alasiri moja ya mwaka 1998, Ummi alifundisha neno "late". Kuchelewa, hilo wote walilijua. Aliposema kwamba late pia ni marehemu, kidole kile kikasimama.

"Mwalimu, kuna mzungu aliniagiza twiga," mchongaji akasema. "Siku ya kumchukua, bibi yake akakuja peke yake, akaniambia, 'My husband is late.' Nikamwambia hakuna shida, nitamngoja. Akaniangalia sana, akaenda."

Darasa likaangua kicheko. Hata Ummi akatabasamu, akamwambia kosa kama hilo humpata kila mtu.

"Lakini nilimngoja," mchongaji akasema, yeye hacheki. "Na jioni yule mzungu mwenyewe alikuja. Akabeba twiga wake, akaenda."

Kicheko kikakatika.

"Sasa, mwalimu, yule nilimpatia ni nani?"