Mzigo Ambao Hakuna Aliyeubeba

Nakumbuka asubuhi moja ya utelezi kule Kinole, mwanangu, enzi za Mdachi. Nilikuwa kijana mwenye hesabu kidogo za shule na majivuno mengi. Tulikuwa wapagazi wanane, tunateremsha ulanga, yale mawe ya kung'aa yanayobanduka kama karatasi, hadi Morogoro. Mnyapara alitaka mizigo yote iwe sawa, akaniuliza kila mtu abebe kiasi gani. Atakayeangusha wake, kiboko.

Safari iliyotangulia kila mtu alibeba alivyoweza. Nikajumlisha frasila zote, kila moja kama kilo kumi na sita za leo, zikawa kumi, sawa na mzigo wa safari hii, nikagawa kwa wanane. Nikatangaza kifua mbele: "Frasila moja na robo!"

Mjomba wangu, naye mpagazi, akaniita kando. Kwetu Waluguru mjomba akiita, unakwenda.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hebu nionyeshe aliyebeba moja na robo."

Nikawatazama. Ndugu wawili wa Mlali walikuwa wamebeba mbili mbili. Sisi sita, moja moja.

"Hayupo, mjomba."

"Sasa umempimia nani? Jini?" Wenzangu wakacheka. "Tupange, mwepesi mpaka mzito. Walio katikati walibeba ngapi?"

"Moja."

"Hiyo ndiyo kawaida yetu. Robo yako imetoka migongoni mwa wale wawili, unayatwika magoti yangu. Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi!"

Nikarudi kwa mnyapara. Nikamwambia frasila kumi zitafika zote, ila kila mtu abebe kama safari ile. Nisimsingizie, alisikiliza. Wale ndugu wakanuna: "Sisi punda wa nani?" Nao walikuwa na haki. Tukakubaliana kambini wasiteke maji wala kuokota kuni. Tukafika, hakuna aliyechapwa.

Mjomba yuko udongoni siku nyingi sasa. Sijui kama nimeerevuka. Najua tu kwamba ukungu ukishuka Uluguru natamani kuisikia sauti yake, hata ikinikemea.

Mwanangu, ukipewa watu uwaongoze, jumlisha na ugawe, sikukatazi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hakisemi nani alitia ngapi. Basi mtazame wa chini, wa juu na wa katikati, ndipo uamue. Na anayebeba zaidi, umpunguzie pengine.

Mola akuzidishie subira, na wote walio chini ya mkono wako wafike makwao salama. Amina.