Ng'ombe wa Njambi na Puli za Baba

Simu ya dada yangu Dianah ilinipata Mwiki nikipanga nyanya kibandani. "Mwelu, keti kwanza," akasema. Sikuketi. Baba yetu, Kaloki Muasya, alikuwa ametutoka asubuhi hiyo hospitalini Thika, kikombe cha uji kikiwa bado na joto. Bwana alitoa, Bwana ametwaa.

Baba alichimba visima Gitothua kwa miaka thelathini. Alikuwa mwembamba hata watu wakamtania kwamba siku moja upepo ungemtumbukiza. Lakini kuinua vitu alikujua.

Mwaka juzi ng'ombe wa jirani yetu Njambi alianguka kwenye shimo kuukuu. Njambi ni mjane, na karo ya watoto wake ilitoka kwa maziwa ya huyo mmoja tu. Wanaume tisa walisimamisha mabomba matatu ya chuma juu ya shimo, wakaning'iniza puli moja yenye kamba, wakavuta. Ng'ombe alipanda kidogo, akarudi chini akikoroma. Njambi alikaa chini akiomba.

Baba akafika na puli zake mbili, kila moja ikiwa na magurudumu mawili.

"Mzee Kaloki, simama kando, kamba isikubebe," Njau, mmoja wa wale tisa, akamwambia.

"Hiyo moja ya juu inageuza tu upande wa kuvuta," Baba akajibu. "Kilo ni zile zile."

Akafunga puli moja juu, nyingine kwenye mikanda waliyokuwa wamempitishia ng'ombe chini ya tumbo, akapitisha kamba huku na huku mpaka ikashika mzigo mara nne.

"Sasa kamba imekuwa kama nne, kila moja inabeba robo ya mzigo. Lakini mtavuta mita nne ndio apande moja. Hakuna cha bure."

"Nani atavuta? Sisi tumekwisha," Njau akasema.

"Mama Wanja na wenzake wa kwaya, wale pale. Nyinyi pumzikeni."

Wanaume wakacheka. Akina mama sita wakavuta wakiimba, polepole, kamba ikirundikana miguuni mwao. Kikatokea kichwa, kisha mgongo. Ng'ombe aliposimama, alikojolea viatu vya Njau.

Wakati wa matanga, Njambi alituletea maziwa ya chai kila jioni. Ijumaa tulimzika Baba shambani kwetu, mashariki mwa Thika. Njambi alizungumza mpaka mchungaji akatazama saa. Tukaomba. Njau na wenzake wakashusha jeneza. Dianah akatupa udongo, nami nikatupa wangu. Wanaume wakafukia kaburi, tukaweka maua, tukaenda kula.